Kufuta ili Kupata Nafasi: Somo la Kumbukumbu kutoka Karatu na Ngorongoro

Mwezi Desemba mwaka jana, nikiwa nyumbani Karatu kwa likizo, kompyuta yangu ya mezani ilinionya kwamba diski yake imejaa. Nilifanya ambalo wengi wetu hufanya. Nilipanga mafaili kwa ukubwa, nikayafuta yaliyokaa juu ya orodha, kisha nikamwaga pipa la taka. Baada ya nusu saa nilikuwa na nafasi ya kutosha. Usiku ndipo nilipotambua kwamba miongoni mwa niliyoyafuta yalikuwamo mafaili matatu ya sauti, kila moja la takriban saa moja: mahojiano na mzee mmoja wa Endulen niliyemrekodi nilipokuwa nikifanya utafiti wa shahada ya uzamivu. Mzee yule alinisimulia jinsi familia yake ilivyohama Serengeti alipokuwa kijana. Amekwisha kufariki. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Saa moja ya sauti isiyobanwa, yenye ubora wa CD, huchukua zaidi ya megabaiti 600, ilhali ukurasa wa maandishi matupu huchukua kilobaiti chache tu. Mashine hujua ukubwa wa faili na tarehe yake. Thamani yake haiijui. Anayefuta kwa kufuata ukubwa ameukabidhi uamuzi wake kwa kipimo kisichohusika na jambo linaloamuliwa. Kosa hilo si la watu binafsi peke yao. Ofisi hulifanya, na dola pia huweza kufuta, tena kwa vipimo vibaya zaidi ya ukubwa. Historia ya Ngorongoro inatuonyesha gharama yake.

Lugha yetu hutumia neno moja, hifadhi, kwa ardhi iliyo ng'ambo ya lango la Loduare na kwa mahali kompyuta inapoweka kumbukumbu zake. Hifadhi zote mbili huanza na swali la nafasi: nini kibaki, nini kiondoke, na nani aamue. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ilhali Wamaasai walikuwa wakiishi na kuchunga ndani yake. Mwaka 1958 wazee 12 walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti ya magharibi. Mwaka 1959 Eneo la Hifadhi la Ngorongoro liliundwa kisheria ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja, na Gavana Richard Turnbull akawaahidi Wamaasai kwamba maslahi ya binadamu yakigongana na ya wanyama, ya binadamu yatatangulizwa.

Karatasi zinazobeba makubaliano hayo na ahadi hiyo ni chache mno. Zikichapwa leo kama maandishi matupu, zote pamoja hazifikii ukubwa wa picha moja ya simu. Hata hivyo, zaidi ya miaka 60 baadaye, ndizo zinazotajwa kila mjadala wa Ngorongoro unapozuka, bungeni, mahakamani na katika mikutano ya vijiji. Asiyeweza kuonyesha karatasi huambiwa kwamba anasimulia hadithi.

Wakoloni walilijua jambo hili. Mwaka 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alielekeza kwamba nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali yake zisikabidhiwe kwa serikali mpya za makoloni yanayopata uhuru. Nyingine zilichomwa moto. Nyingine zilisafirishwa Uingereza, zikafichwa kwa miongo kadhaa. Nyaraka za Tanganyika zilikuwamo. Serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na hazina hiyo huko Hanslope Park mwaka 2011, iliposhitakiwa mjini London na wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau. Hao hawakufuta kwa kufuata ukubwa. Walifuta kwa kufuata aibu.

Baada ya uhuru tulikuwa na udhaifu wetu wenyewe. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Mwaka huohuo wa 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta ya Ngorongoro waliondolewa, na mwaka uliofuata kilimo kikakatazwa na sheria katika eneo lote la hifadhi. Kwa hiyo, ushahidi wa miaka hiyo mizito uko mahali pawili tu: katika majalada ya masijala, yanayoliwa na mchwa na panya, na katika vichwa vya wazee, wanaopungua kila mwaka.

Wala kufuta hakujaisha. Mwezi Agosti 2024 tangazo la serikali liliviondoa katika orodha vijiji vya tarafa ya Ngorongoro, na mwezi huohuo Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji wake. Sitaki kuingia hapa katika ubishi wenyewe. Ninalosisitiza ni kwamba kijiji kinaweza kufutwa katika karatasi siku ambayo watu wake wameamka kama kawaida, wakakamua ng'ombe na kupeleka watoto shule.

Je, basi, tusifute chochote? Hapana. Hakuna masijala wala diski isiyojaa. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 yenyewe inatambua kwamba kumbukumbu nyingine huteketezwa. Inachodai ni kwamba zitathminiwe kwanza, kwa utaratibu unaojulikana. Mtumishi wa umma anayefuta majalada kwa sababu kabati limejaa amefanya kosa lilelile nililolifanya mimi.

Laetoli, ndani ya Ngorongoro hiyohiyo, inatupa mfano mwema. Nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita zilifukuliwa na kikundi cha Mary Leakey mwaka 1978, na mwaka uliofuata zikafukiwa tena ili zisiharibiwe na mvua, upepo na mifugo. Kuziondoa machoni hakukuwa kuzifuta. Lakini mbegu za migunga zilikuwamo katika udongo uliotumika kufukia, zikaota, na miaka ya 1990 wataalamu walilazimika kufukua tena, kuondoa mizizi na kufukia upya kwa uangalifu zaidi. Kitu kilichowekwa mahali salama bado kinahitaji kukaguliwa. Diski ya nje iliyofungiwa kabatini kwa miaka kumi nayo huota mizizi yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, onyo la diski kujaa likikujia, anza na vile ambavyo mashine imejitengenezea: mafaili ya muda, programu usizozitumia, filamu zinazopatikana popote, nakala zilizojirudia. Kisha hamishia kazi zako kwenye diski ya pili, uzifungue huko kuhakikisha zinasomeka, na uweke nakala nyingine nje ya nyumba yako. Kufuta kuje mwisho. Sauti za wazee, mihutasari ya mikutano ya kijiji na picha za hati za ardhi zisiguswe kabisa hadi ziwe mahali pawili.

Diski yangu ilikuwa ya aina ya zamani inayozunguka. Katika diski kama hiyo faili likifutwa, kilichomo hubaki hadi kingine kiandikwe juu yake; katika nyingi za kisasa zisizozunguka hupotea mapema zaidi. Niliizima kompyuta usiku uleule, na asubuhi nikampelekea fundi. Aliyapata mafaili mawili. La tatu lilikuwa limekwisha kuandikwa juu.

Katika saa hiyo ya tatu mzee alikuwa ametaja, boma baada ya boma, majina ya familia zilizohama Moru pamoja na yake. Mwezi Januari nilipanda hadi Endulen kuwapelekea wanawe nakala ya saa mbili zilizosalia, jambo ambalo ningepaswa kulifanya miaka mingi iliyopita. Walisikiliza kimya. Kisha binti yake mkubwa akaniuliza, kwa adabu, sehemu yenye majina iko wapi.