Kinga ya Magonjwa ya Zinaa kwa Vijana (Ngerengere na Uluguru)

Magonjwa ya zinaa ni maambukizi yanayoenea hasa kwa kujamiiana. Baadhi yake hupita pia kwa damu, au kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Yanayofahamika zaidi Tanzania ni kisonono, kaswende, pangusa, klamidia, trikomonasi, malengelenge ya sehemu za siri, masundosundo, homa ya ini B na VVU. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 kisonono, kaswende, klamidia na trikomonasi peke yake vilileta maambukizi mapya milioni 374 duniani kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Yote manne hupona kwa dawa. Kinachoumiza ni kwamba klamidia na kisonono mara nyingi havimwoneshi mwanamke dalili yoyote, na msichana anaweza kuja kugundua miaka baadaye, anapotafuta mtoto na mirija ya uzazi imeshaziba.

Ngerengere, kata ya Morogoro Vijijini, ni mahali pa njia. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita hapa na kufika Morogoro mwaka 1907. Nyuma yake yalikuja mashamba ya mkonge na manamba wake, wanaume waliotoka mbali wakiwa wameacha familia zao. Baadaye kikaja kituo cha jeshi la anga, na tangu Juni 2024 kuna stesheni ya treni ya SGR. Mji wa namna hii una mishahara inayoingia kila mwezi, wageni wanaopita, na wasichana wanaotafuta riziki kwa mama lishe au kwa kuuza matunda yanayoshushwa kutoka milimani. Kwa hiyo kinga ya vijana wa hapa haiwezi kuandikwa kana kwamba vijana wanaishi peke yao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–17 ulikuta VVU kwa asilimia 2.1 ya wasichana wa miaka 15 hadi 24, na asilimia 0.6 tu ya wavulana wa umri huo. Pengo hilo haliletwi na wavulana wa rika lao. Sehemu kubwa hutokana na wanaume waliowazidi umri. Kampeni ya redio iliyoitwa Fataki, ya mwishoni mwa miaka ya 2000, iliwalenga wanaume hao, ikawahimiza majirani na jamaa wasinyamaze wanapomwona mtu mzima akimrubuni binti.

Milimani na mabondeni mwa Uluguru, elimu ya mwili haikuanzia darasani. Mluguru hufuata ukoo wa mama, na msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa na kungwi kabla ya kutolewa kwa ngoma. Zamani kukaa ndani kulichukua muda mrefu na mara nyingi kuliishia kwenye ndoa, lakini shule imekufupisha. Wanaharakati wengi huuona unyago huu kama adui. Hilo ni kosa. Kungwi huyataja mambo ambayo mwalimu wa sayansi huyapita haraka kwa haya, na mwali humsikiliza. Tatizo ni kwamba mafunzo yake kwa sehemu kubwa yalimwandaa mke, ilhali mwali wa leo anarudi darasani na miaka kadhaa ya kuishi bila mume iko mbele yake. Kungwi akieleza pia uchafu usio wa kawaida ukeni, kondomu na haki ya kukataa, atafika ambako bango la zahanati halifiki. Upande wa jando, tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke, kama majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalivyoonesha kati ya 2005 na 2007. Haimkingi na kisonono, wala haichukui nafasi ya kondomu. Na kisu kimoja kwa vijana wengi ni hatari yenyewe.

Je, elimu inatosha? Tanzania ina jibu lake. Mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwaka 1999 katika nusu ya jamii 20 za jaribio huko Mwanza, ulifundisha shule za msingi, ukawaandaa wahudumu wa afya wawapokee vijana vizuri, na ukawatumia vijana kusambaza kondomu. Baada ya miaka 3 vijana walijua mengi zaidi, lakini maambukizi ya VVU na malengelenge hayakupungua, na kipimo kilichorudiwa 2007–08 hakikubadili matokeo. Jaribio jingine la Mwanza, la 1991 hadi 1994, lilipeleka katika vituo vya vijijini dawa za uhakika na wahudumu waliofunzwa kutibu kwa kufuata dalili. Maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa karibu asilimia 40. Mtu anayepanga bajeti ya wilaya angefaa ayasome majaribio haya mawili pamoja: maneno bila dawa na bila kuwagusa watu wazima hufika nusu ya njia.

Dawa nazo zina kikwazo chake, nacho ni usiri. Kijijini mhudumu wa zahanati huenda ni shangazi, au anasali na mama yako. Kijana hupita duka la dawa muhimu, hununua vidonge vichache, maumivu yakitulia huacha. Ugonjwa unabaki, na vimelea vya kisonono, ambavyo vimeshaota usugu kwa dawa nyingi, vinazidi kuzoea. Mwenza asipotibiwa, maambukizi hurudi kwa aliyekwisha kupona. Ndiyo maana huduma rafiki kwa vijana hudai mambo madogo yenye uzito: chumba chenye mlango unaofungwa, saa za jioni, swali lisilo na karipio.

Sheria imesogea. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, yakaruhusu pia mtu kujipima mwenyewe. Chanjo ya virusi vya papiloma, vinavyosababisha masundosundo na saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Hutolewa zaidi shuleni, kwa hiyo msichana aliyeacha masomo ili alime au alee wadogo zake lazima atafutwe nyumbani, kabla hajaanza kujamiiana.