Machifu wasio na majina: kadi za posta kutoka ufukwe wa Kyela

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa na nchi yake wakati wa Vita vya Maji Maji. Safari ile ilichangamsha upya mjadala wa mali zetu zilizoko Ulaya, na mpaka leo kinachozungumzwa zaidi ni mafuvu ya wazee wetu na vyombo vilivyofungiwa kwenye makumbusho. Kuna fungu jingine ambalo halitajwi, labda kwa sababu ni jepesi mno: kadi za posta zenye picha za machifu, wake zao, ngoma zao na mikutano yao. Hizi hazisubiri mkataba kati ya serikali na serikali. Zinauzwa moja moja, kila siku, kwenye minada ya mtandaoni kama Delcampe, na za kaskazini mwa Ziwa Nyasa zimo.

Ukiipata kadi ya aina hii, usianze na picha. Igeuze nyuma. Ikiwa upande wa nyuma haukugawanywa kwa mstari, na nafasi yote ni ya anwani tu, basi huenda ilichapishwa kabla ya 1905, mwaka ambao Wajerumani waliruhusu ujumbe na anwani vikae upande mmoja. Kabla ya hapo mwandishi alibanana kwenye ukingo wa picha, na mara nyingine aliandika juu ya miguu ya watu waliopigwa picha. Tazama stempu: meli nyeupe ya Kaisari, Hohenzollern, na thamani yake kwa pesa, sarafu ya wakati ule, au kwa heller ikiwa ni ya baada ya mabadiliko ya fedha. Halafu soma muhuri. Kwa upande wetu utakuta Langenburg, au Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo, na ukibahatika utakuta MUAJA. Hiyo ni Mwaya yetu, kata ya Wilaya ya Kyela, iliyokuwa na posta yake kando ya ziwa tangu enzi za Wajerumani.

Wakusanyaji wengi wa Ulaya hununua muhuri huo. Muhuri wa Mwaya unaosomeka vizuri huipandisha bei kadi hata kama picha imefifia. Mtu aliyesimama upande wa pili wa karatasi, na mkuki wake na mapete ya shaba kiunoni, amebaki kuwa mzigo uliobebwa na stempu. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Kadi ya posta yenyewe ilianza Austria, Oktoba 1, 1869. Umoja wa Posta Duniani ulioundwa 1874 ukairahisishia njia ya kuvuka mipaka, na kati ya 1900 na 1914 kukusanya kadi kukawa homa ya Ulaya nzima. Viwanda vya uchapaji vya Ujerumani vilizichapa kwa mamilioni. Mashirika ya misheni nayo yaliona faida: kadi yenye picha ya Afrika iliyouzwa kwa waumini ilichangia kazi ya misheni, na mnunuzi alipata kitu cha kuweka kwenye albamu. Kutoka kwetu, barua za siku zile ziliteremka kwa ziwa, zikapita Shire na Zambezi hadi Chinde, pwani ya Msumbiji, ndipo zikapanda meli ya baharini.

Wageni walishaisifu nchi yetu ya kaskazini mwa ziwa kabla ya kamera kufika. Balozi Mwingereza Frederic Elton alipita 1877, Joseph Thomson akaja 1879, na wote wawili waliandika kwa mshangao juu ya migomba, nyumba safi za mianzi na ng'ombe walionenepa. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wa Berlin wakaingia karibu wakati mmoja. Serikali ya Kijerumani ikajenga Langenburg kwenye ufukwe wa Lumbila, kisha makao yakahamia milimani Tukuyu.

Mpiga picha aliyeacha alama kubwa kuliko wote alikuwa daktari wa jeshi, Friedrich Fülleborn, aliyekuwa maeneo haya kati ya 1897 na 1900. Alifuatana katika utafiti na mtaalamu wa mimea Walter Goetze, ambaye alifia Langenburg Desemba 1899. Mwaka 1906 Fülleborn alitoa kitabu kinene juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma, pamoja na atlasi yenye kurasa zaidi ya mia moja za picha. Ni kazi ya thamani, na lazima isemwe pia ilifanywaje. Fülleborn aliwapima watu. Aliwasimamisha wakitazama mbele, kisha upande, kama anavyopigwa picha mshitakiwa. Alichokitaka ni umbo la kichwa na rangi ya ngozi. Ukoo wa mtu na cheo chake havikuwa na uzito huo. Mtindo huo ukaenea. Kadi nyingi za Kijerumani za wakati ule huandika chini ya picha kabila na cheo tu: chifu wa Konde, vijana wa Konde, wake wa chifu. Konde ndilo jina Wajerumani walilotumia kwa Wanyakyusa na ndugu zao wa bondeni.

Linganisha na Unguja. Studio za Gomes na za ndugu Coutinho ziliuza kadi za kifalme kwa abiria wa meli, na humo sultani ana jina lake. Sayyid Ali bin Hamoud ni Sayyid Ali. Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawazwa Desemba 1911 na kufikisha jubilei ya fedha 1936, ni Sayyid Khalifa, na mkusanyaji anaweza kuipanga sherehe kwa mwaka. Malafyale, yaani chifu, wa Kyela, aliyekuwa na watu, mipaka, makuhani na mifugo yake, amekuwa chifu fulani tu.

Hasara ya kukosa jina na tarehe inaonekana wazi ukifuata ubishi mmoja ambao wasomi waliubishania kwa miaka, na ambao unaigusa sherehe kubwa kuliko zote za utawala wa Kinyakyusa: ubusoka.

Anayeueleza ubusoka kwa kirefu ni mwanaanthropolojia Monica Wilson. Mumewe Godfrey alifika 1934, yeye akamfuata 1935, na utafiti wao ukaendelea hadi 1938. Kwa maelezo yake, watoto wa kiume wa umri wa miaka kumi au kumi na mmoja waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao na kuanzisha kijiji cha rika lao. Walikua pamoja, wakalala pamoja, wakala pamoja, ingawa waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Walipokuwa watu wazima wenye wake, ilifika zamu ya chifu kukabidhi nchi. Wana wake wawili wakubwa walitengwa ndani ya nyumba pamoja na wenzao, wakapewa dawa. Siku ya kutoka, moto wa zamani ulizimwa nchi nzima, ukapekechwa moto mpya, na kila nyumba ikachukua kutoka humo. Miti ilipandwa kuashiria utawala mpya. Wakateuliwa amafumu, wakuu wa vijiji. Vijana wakaenda kuteka ng'ombe. Nchi ikagawanywa sehemu mbili, kila mwana na upande wake, na chifu mzee hakutarajiwa kuishi muda mrefu baada ya hapo.

Hebu fikiria picha moja ya siku ile: moshi wa moto mpya, malafyale wawili vijana wamesimama na ngao, wazee wamerudi nyuma. Ingekuwa kadi ya kifalme sawasawa na ya Unguja.

Vitabu vya Wilson, kuanzia kile cha 1951 juu ya vijiji vya rika hadi kile cha 1959 juu ya matambiko ya jumuiya, vikawa ndiyo kauli ya mwisho. Halafu mwaka 1969 Simon Charsley akachapisha Nairobi kitabu juu ya wana wa machifu wa Kinyakyusa. Yeye alirudi kwenye maandishi ya wamisionari wa mwanzo na kumbukumbu za serikali, akahoji kama mambo yalikwenda kwa utaratibu mnyoofu namna ile. Aliwatazama wana wa machifu wenyewe, walivyohamahama na kushindana kupata wafuasi. Mwaka 1973 Michael McKenny naye akaandika katika jarida la Africa, akitilia shaka kama vijiji vya rika viliweza kuzunguka kizazi hadi kizazi kama Wilson alivyovichora. Hivyo sherehe ambayo wazee wa Rungwe na Kyela waliisimulia kama msingi wa nchi ikawa mezani: ilifanyika hivyo kila mara, au wazee walisimulia jinsi ilivyopaswa kufanyika?

Kwa maoni yangu kila upande ulishika kipande. Wilson aliwasikiliza wazee wa miaka ya 1930, wakati serikali ya Kiingereza ilikwisha kugandisha mipaka ya machifu, na mzee anayesimulia kilichokatizwa husimulia kwa unyoofu kuliko kilivyokuwa. Charsley naye aliwasoma wamisionari waliofika katikati ya misukosuko, wakaona magomvi zaidi kuliko taratibu. Picha zenye mwaka, mahali na majina zingesaidia sana. Nani alitoka na nani? Walipanda mti wapi? Mzee yule nyuma ni chifu anayeondoka au ni kuhani? Kadi isiyo na jina haiwezi kujibu hata swali moja kati ya hayo.

Na tusisahau nani aliyewawezesha akina Wilson kusikia. Leonard Mwaisumo alikuwa karani na mkalimani wao; alizaliwa 1910 na kufariki 1938, kabla ya vitabu hivyo vyote. Kasitile, mganga wa mvua, alizungumza nao mengi hata akawa kama mwalimu wao. Historia ya Mwaisumo imekuja kuandikwa vizuri mwaka 2013 tu, katika kitabu cha Andrew na Leslie Bank juu ya Monica Wilson na wakalimani wake. Miaka 75 ilipita kabla ya mtu aliyeandika maneno ya wazee wetu kupewa nafasi yake.

Yapo mambo ambayo hakuna kamera iliyoweza kuyafikia, na hapo mkusanyaji asitarajie kadi. Lwembe wa Lubaga, aliyeheshimiwa na machifu wote wa Kinyakyusa, alikuwa mtu ambaye afya yake ndiyo afya ya nchi. Wilson anaeleza kwamba makuhani walimkamata mtu wa kushika nafasi hiyo kwa nguvu, kwa kuwa hakuna aliyeitamani: Lwembe akiugua hakuachwa afe mwenyewe, alizibwa pumzi, na kucha na nywele zake zilichukuliwa kabla pumzi haijakatika ili rutuba isiondoke naye. Mambo hayo yalifanywa kwa siri kuu. Anayeuza picha kwa maelezo kwamba ni ya matambiko hayo, muulize kwanza ameipata wapi.

Vita vya 1914 vilikatiza kadi za Kijerumani, na Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakaitwaa Tukuyu. Waingereza wakaleta utawala kupitia machifu kwa sheria ya 1926. Kuanzia hapo sherehe zilizopewa picha nyingi zilikuwa za wafalme wa London, jubilei ya George wa Tano 1935 na kutawazwa kwa George wa Sita 1937, ambapo machifu wa Tanganyika walikuwa wageni. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa kisheria. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, Kyungu wa Wangonde, ndugu zetu wa damu na lugha, bado anatambuliwa, na Karonga kuna makumbusho tangu 2004. Sisi tuna mchele, kakao na vyungu vya Wakisi tunavyojivunia, na picha za machifu wetu tumewaachia wageni watutunzie.

Wanazitunza, hilo nalikubali. Hifadhi ya Moravian huko Herrnhut ina picha za Nyasa, na nyingine zimewekwa mtandaoni na maktaba ya Chuo Kikuu cha Southern California pamoja na picha za misheni nyingine. Chuo Kikuu cha Frankfurt kimeweka wazi makumi ya maelfu ya picha za iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki za 1860 hadi 1960. Karatasi za akina Wilson ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Nyingi kati ya hizo za mtandaoni huhitaji kulipia bando tu.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya wizara. Kijana wa Ipinda, Ngonga, Kajunjumele au Matema, fungua picha hizo kwenye simu, zichapishe kwenye karatasi, uwapelekee wazee wa koo. Watatambua mlima ulio nyuma, mti, aina ya ngao, na pengine sura inayofanana na ya mjukuu. Andika jina nyuma ya karatasi, andika na aliyelitaja, na mwaka mliozungumza. Jina lisilo na uhakika liandikwe hivyo hivyo, kwamba halina uhakika. Ukiwa na uwezo wa kununua kadi halisi, nunua kwa ajili ya picha, na ukipata yenye muhuri wa Mwaya usiitoe stempu.

Halmashauri ya Kyela, Kanisa la Moravian na Dayosisi ya Konde ya KKKT zinaweza kuziandikia rasmi hifadhi za Herrnhut na Frankfurt, zikitaka nakala na kupeleka majina. Aliyekuwa na miaka kumi siku akina Wilson walipofunga mizigo 1938, leo amekwisha kupita miaka tisini na tano. Barua hiyo iandikwe mwaka huu.