Nani Aliyemwandika Mkwawa?

Ukipita Kihesa jioni, pale Iringa mjini, utawakuta vijana wamejazana kwenye kibanda cha gemu, pesa mkononi, macho yameganda kwenye kioo. Mchezo wenyewe ni mpira wa Ulaya. Kijana wa miaka 12 atakutajia kikosi kizima cha timu ya Uingereza bila kukosea, pamoja na wa akiba. Kutoka hapo hadi Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa, ni kama kilomita 15 tu, lakini kwenye kioo kile Kalenga haimo.

Wazee wengi hulilaumu gemu lenyewe. Mimi naona lawama hiyo ni ya haraka mno. Gemu, sawasawa na tamthilia au filamu, huanza na mtu aliyekaa chini akaandika: shujaa ni yupi, adui ni yupi, mambo yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Kama Mkwawa hayumo, ni kwa sababu hakuna aliyemwandika humo. Na habari ya nani alimwandika Mkwawa, lini, na kwa mkate wa nani, ni ndefu kuliko tunavyodhani.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Wahehe lilikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, yule waliyemwita Nyundo. Zelewski aliuawa, na pamoja naye askari zaidi ya 200. Wahehe nao walipoteza watu wengi. Sasa angalieni ajabu hii. Tumezoea kusema kwamba historia huandikwa na mshindi. Lugalo iliandikwa kwanza na aliyeshindwa! Luteni von Tettenborn, aliyenusurika na wachache wenzake, ndiye aliyepeleka taarifa. Mshindi alikuwa na mkuki, bunduki kadhaa alizoteka, na nyimbo. Wino hakuwa nao.

Ngome ya Kalenga ilipovunjwa tarehe 30 Oktoba 1894, wino uliongezeka. Kapteni Tom von Prince alipokuja kuanzisha boma la Iringa mwaka 1896, alikuja na mkewe, Magdalene, na mama huyo alikuwa mwandishi. Kitabu chake kuhusu maisha yao ya bara kilitoka Berlin mwaka 1903. Ernst Nigmann, afisa mwingine, alichapisha chake juu ya Wahehe mwaka 1908, na Prince mwenyewe akatoa cha vita mwaka 1914, mwaka uleule aliouawa katika mapigano ya Tanga. Sisemi kwamba vitabu hivyo vyote ni uongo. Wanahistoria wamevitumia sana, na pasipo hivyo tungekosa tarehe nyingi. Lakini ni habari za msakaji akimweleza msakwa. Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, anaonekana humo kama moshi wa mbali porini: leo yuko huku, kesho kule, na juu ya kichwa chake zawadi ya rupia 5,000.

Kichwa hicho nacho kiliingia katika maandishi. Mkwawa alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, Wajerumani walimkata kichwa, na miaka 21 baadaye fuvu lake likatajwa katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, kwamba lirudishwe. Halikurudi hadi mwaka 1954, Gavana Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Karibu na wakati huohuo, mwaka 1953, Michael Musso alichapisha Mukwava na Kabila Lake. Kitabu ni chembamba, lakini ni cha Kiswahili, na simulizi za wazee zimo. Hesabuni wenyewe: tangu Lugalo imepita miaka 62.

Jukwaa lilikawia zaidi. Mlango ulifunguliwa na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, kwa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Alionyesha kwamba vita vya mababu si lazima viwe gwaride la kusifu, kwamba shujaa anaweza kusimama mbele ya watu akiwa na shaka moyoni. Miaka 10 baadaye M. M. Mulokozi akatoa Mukwava wa Uhehe. Mulokozi ni mtu wa Kagera, nchi ya mbali kabisa na Uhehe, naye ndiye aliyempandisha Mkwawa jukwaani. Hakuishia hapo: aliwaandikia vijana Ngome ya Mianzi na Moto wa Mianzi, hadithi za vita hivyohivyo, zikasomwa mashuleni.

Lakini ulizeni Hussein na Mulokozi walikula nini. Walikula mshahara wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndivyo ilivyokuwa kwa Penina Muhando na kwa Kezilahabi pia. Mwandishi wetu wa Kiswahili aghalabu amekuwa mwalimu mchana na mwandishi usiku, na tamthilia yake ikapata wasomaji pale tu ilipotiwa katika mtihani.

Redio ilikuwa na wafadhili wake. RTD ilipoanzisha mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, waandishi walipewa kazi ya kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na ukimwi, na nchi nzima ilikaa kusikiliza. Filamu ilikuwa ghali. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilitoa filamu za kuhesabika. Kwenye vibanda vya video akatawala Lufufu, aliyezisimulia filamu za nje kwa Kiswahili chake mwenyewe, akiongeza chumvi alipoona inafaa. Kwangu mimi yule alikuwa mwandishi, ila hakushika kalamu. Mkwawa alisubiri hadi mwaka 2011, Seko Shamte alipotoa filamu yake ya kumbukumbu, Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa.

Limebaki gemu, na hapo mwandishi atakuwa na kazi ngumu kuliko ya Mulokozi. Jukwaani mtazamaji hukaa kitini. Kwenye gemu mchezaji ni lazima awe mtu fulani. Pale Lugalo awe nani? Akipewa bunduki atakuwa askari wa Zelewski, na wengi wa askari wale walikuwa Waafrika, Wasudani na Wazulu. Akipewa mkuki atashinda siku ile moja, kisha kuna Kalenga na mizinga yake. Halafu kuna miaka minne ya porini, wenyeji wakimficha na kumlisha Mkwawa, baadhi yao wakiadhibiwa kwa hilo, na zile rupia 5,000 zikingoja wa kusema yuko wapi. Mimi ningemweka kijana wa Kihesa katika nyumba moja ya wenyeji hao, usiku, chakula kimeiva, na mlango umegongwa.