Kabati la kuoteshea uyoga ndani ya nyumba: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Si kila anayetaka kulima uyoga ana uwanja wa kujenga banda. Wengi wanaotuuliza kuhusu kilimo hiki ni wapangaji wa chumba na sebule, na swali lao ni moja: je, kabati la kawaida linaweza kuwa shamba la kwanza, bila kila mgeni kujua kuna nini ndani?

Linaweza, kwa mifuko mitano hadi kumi ya uyoga aina ya mamama. Ila kabati zuri kwa nguo mara nyingi ni baya kwa uyoga. Nguo zinataka ukavu. Uyoga unataka maji na hewa.

Kinachotokea ndani ya kabati

Mifuko ya majani ya mpunga au maranda yaliyochemshwa, ikishapandwa mbegu, hukaa gizani wiki mbili hadi nne mpaka utando mweupe ujae. Hatua hiyo karibu kabati lolote safi linaiweza.

Mtihani huanza mifuko inapotobolewa. Sasa hewa ya ndani inatakiwa kuwa na unyevu wa asilimia 80 hadi 95, na iwe inabadilika. Uyoga hupumua kama sisi: huvuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Mlango ukifungwa kutwa nzima, utaona miguu mirefu na vichwa vidogo. Unahitaji pia mwanga kidogo, kiasi cha kuweza kusoma gazeti.

Aina za kabati

MDF na chipbodi: Ni rahisi kupatikana, lakini hunywa maji, huvimba na kumeguka. Kama ndilo ulilonalo, tandika nailoni nzito pande zote za ndani.

Mbao: Hudumu zaidi, lakini mamama kwa asili huota kwenye magogo, hivyo mbao iliyolowa ni chakula chake. Lililopakwa dawa ya mchwa au lililowekwa vidonge vya nondo usilitumie kabisa, unachootesha kitaliwa.

Chuma: Lile la kuwekea mafaili ofisini ndilo tunalolipendelea. Hufutika kirahisi na uyoga hauli chuma. Paka rangi upya palipobanduka ili kuzuia kutu, na uliweke mbali na jua, kwani utando hupenda nyuzi joto 20 hadi 28.

Friji bovu: Mpira wa mlango huzuia hewa, na mtoto akijifungia ndani anaweza kufa. Ng'oa mlango kwanza, kisha tundika pazia la nailoni.

Vipimo na matundu

Tafuta kina cha sentimeta 50 na nafasi ya sentimeta 45 kati ya rafu. Rafu za wavu ni bora kuliko za ubao. Toboa matundu chini na juu ili hewa ipite, uyafunike kwa kitambaa chepesi kuzuia inzi wadogo. Weka sinia chini la kukingia maji. Soketi na waya za umeme zibaki nje.

Mahali pa kuliweka

Usiliweke chumba cha kulala. Uyoga ukikomaa hutoa vumbi jepesi la mbegu zake, na anayelivuta siku hadi siku anaweza kupata kikohozi, homa na kubanwa kifua. Penye mwenye pumu, tunashauri kabati likae nje ya nyumba, kwenye baraza au stoo. Vuna kabla kingo za vichwa hazijanyooka, na ufunike pua na mdomo unapovuna.

Acha nafasi ya sentimeta 10 nyuma ya kabati, la sivyo ukuta utaota ukungu. Ukuta ni wa mwenye nyumba: kuficha kwa wageni ni hiari yako, lakini yeye mwambie mapema.

Jaribu kabla ya kununua mbegu

Weka ndani kitambaa kibichi na kipimo cha unyevu kwa siku mbili, bila mifuko. Kuta zikitoa jasho hadi kudondosha maji, ongeza matundu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 80, ziba machache. Kabati likitulia hapo, ndipo ukanunue mbegu.