Shule Iliyoirithi Rushmore

Shule ya Sandroyd ilianzishwa mwaka 1888 huko Cobham, Surrey, karibu na London, na ikahamia jumba la Rushmore, kwenye mpaka wa Wiltshire na Dorset, mwaka 1939. Tarehe hizi mbili zisomwe pamoja. Historia nyingi za shule zilizomo ndani ya majumba ya makabaila wa Uingereza huanza na jumba lenyewe, mabwana zake na bustani zake, halafu shule huingia mwishoni kama mpangaji aliyebahatika. Kwa Sandroyd, ushahidi unaelekea upande mwingine: shule ndiyo iliyolipatia jumba sababu ya kuendelea kusimama. Yenyewe ilikuwa imekwishajengeka kwa nusu karne kabla ya kitanda chake cha kwanza kuingia Rushmore.

Sandroyd ni shule ya maandalizi, na kwa Waingereza hiyo si chekechea. Ni shule ya watoto wa kama miaka 8 hadi 13, aghalabu ya bweni na ya ada kubwa, inayowaandaa kwa ajili ya Eton na shule nyingine za daraja hilo. Katika soko hilo, Sandroyd ilijipatia sifa ikiwa Cobham, ndani ya jengo la kawaida la shule. Anthony Eden, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1955, alisoma huko, na mwandishi wa tamthilia Terence Rattigan vilevile. Oktoba 1934 Mfalme Alexander wa Yugoslavia alipouawa Marseille, mrithi wake Peter, mtoto wa miaka 11, alikuwa mwanafunzi wa Sandroyd. Ilibidi aondolewe shuleni akawe mfalme. Ukoo wa kifalme haukuvutwa na jumba ambalo shule haikuwa nalo bado. Ulivutwa na walimu, na, tusifiche, na watoto wa akina nani waliokuwa wakisoma hapo.

Rushmore nayo ilikuwa na historia nzito. Mwaka 1880 Augustus Lane Fox, jenerali wa jeshi, alirithi milki hiyo ya maelfu ya ekari kwa sharti la kuchukua jina la Pitt-Rivers. Alitumia mapato yake kuchimba makaburi ya kale na vijiji vya zama za Warumi vilivyokuwa ndani ya ardhi yake mwenyewe, kwa utaratibu ambao haukuwa umezoeleka: kila kigae kiliandikiwa mahali kilipookotwa, na kabla ya kufukia shimo aliacha chini yake medali ndogo yenye jina lake, ili mchimbaji wa baadaye ajue kwamba ametanguliwa. Mwaka 1882 akawa mkaguzi wa kwanza wa serikali wa majengo na makaburi ya kale. Bustani zake za Larmer Tree aliwafungulia wananchi bila kiingilio. Alifariki mwaka 1900, na ndani ya miongo minne jumba likakosa mtu wa kulitumia. Nafaka ya Marekani ilikuwa imeshusha mapato ya mashamba ya Uingereza, kodi ya urithi ya 1894 ilikamua kila kizazi, na mjukuu wake George alipendelea kuishi Hinton St Mary. Majumba mamia kwa mamia ya aina hiyo yalibomolewa katika karne ya 20. Vita vya Pili vya Dunia vilipowadia, Surrey ilikuwa karibu mno na London. Shule ikahitaji mahali pa mbali, na jumba likahitaji watu.

Kuna watakaosema kwamba jumba kama hilo lingestahili kuwa makumbusho badala ya mabweni. Hoja hii ina uzito, maana watoto wana miguu, mipira na wino. Lakini jenerali alikwisha kuijaribu njia hiyo. Alianzisha makumbusho kijijini Farnham, jirani na Rushmore, akakusudia yadumu. Baada yake vitu vilianza kuuzwa, kimoja baada ya kingine, na katika miaka ya 1960 milango ikafungwa. Jumba lililogeuzwa vyumba vya kulala limedumu. Ada za wazazi zimeezeka paa kwa uhakika kuliko wosia wa mwanazuoni, ingawa mwanazuoni mwenyewe asingefurahia kusikia hivyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba uokoaji huu ulihamisha tu jumba kutoka kwa tajiri mmoja hadi kwa watoto wa matajiri wengi. Nalikubali kwa sehemu kubwa. Kupokea wasichana, jambo lililokuja karne hii, kumepanua mlango, lakini ada bado ndiyo ufunguo. Tena, utajiri wa Rushmore haukuhusu Wiltshire peke yake. Wanajeshi wa Uingereza walipoliteka na kulipora Jiji la Benin, katika Nigeria ya leo, Februari 1897, Pitt-Rivers alikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa ngawira ile: sanamu za shaba na pembe za ndovu zilizochongwa. Kitabu chake cha picha za vitu hivyo kilitoka mwaka 1900, mwaka wa kifo chake. Makumbusho ya Farnham yalipofungwa, navyo vilitawanyika kwa wanunuzi wa nchi mbalimbali. Shule haikuviiba wala haikuviuza, hivyo si haki kuibebesha hatia hiyo. Hata hivyo, shule inayolitaja jina la jenerali kwa fahari inapaswa kuitaja na Benin.

Watakaoandika kijitabu kijacho cha kumbukumbu ya Sandroyd wapunguze basi kurasa za wanafunzi mashuhuri. Eden na msafiri wa ncha za dunia Ranulph Fiennes wamekwishaandikwa vya kutosha. Nafasi itakayopatikana waipe Farnham: kilichokuwamo, kilikotoka, na kilikokwenda.