Milima ya Tao la Mashariki: Umri na Umbile Lake

Safu hii, ianziayo Milima ya Taita nchini Kenya na kupinda kupitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hata kukomea Udzungwa na Mahenge nchini Tanzania, ni miongoni mwa milima mikongwe kabisa ya Afrika Mashariki. Miamba yake haikumwagwa na volkano kama ile ya Kilimanjaro, ambayo umri wake haufiki miaka milioni 3, bali ilipikwa kwa joto na kukandamizwa chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kisha ardhi ikapasuka, sehemu zake zikainuka, nazo mvua na mito zikazichonga dahari nyingi. Tazama jiwe lililo kando ya njia: mistari myeupe na myeusi iliyojikunja, pamoja na chembe nyekundu za garneti, ni athari ya joto lile.

Leo hakuna kilele kifikacho mita 2,700. Walakini pepo za Bahari ya Hindi, zikwamapo kwenye miteremko hii, huteremsha mvua ilishayo misitu ya kale na Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Basi, ewe mgeni mwema, usikate mti wala usiwashe moto humu, kwani amana hii ni ya wote.