Nyumba ya Kipande, Nairobi

Wengi wetu tumepita mbele ya ile nyumba ya mawe yenye mnara, katika Barabara ya Kenyatta, tusiulize jina lake lilitoka wapi. Ilijengwa mwaka 1913, Nairobi ingali mji mdogo wa reli, nayo ilikuwa ghala ya kuwekea mali. Habari za ghala ni fupi.

Kisha Serikali ya wakoloni iliifanya mahali pa kuandikisha Waafrika. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimia miaka 16 kuchukua kipande. Ndani yake mliandikwa jina, alama za vidole, bwana wake na mshahara wake. Kilitiwa katika kikebe cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Mtu akiacha kazi pasipo sahihi ya bwana wake alihesabiwa mtoro, akashikwa. Sisi makarani twajua uzito wa sahihi moja. Harry Thuku alikipinga kipande, naye akakamatwa Machi 1922. Hata hivyo kilidumu mpaka sheria ya mwaka 1947 ilipotaka watu wa kila rangi waandikishwe.

Mwaka 1976 Benki ya Biashara ya Kenya iliinunua nyumba. Pale walipopanga mstari babu zetu, wakatiwa wino vidoleni, wajukuu wao walikuja kuweka akiba. Jina la zamani halikufutwa, nasi twashukuru.